Mkono wa fundi na umeme usioonekana

Na Mwanaidi Shekuwe

Kompyuta ya mezani inarudi kutoka kwa fundi ikiwa nzima, inafanya kazi wiki mbili tatu, kisha inaanza kujizima yenyewe na mafaili yanaharibika. Mwenye mashine analaumu ramu feki. Fundi analaumu umeme wa mtaa. Mkono ulioshika ile ramu hautajwi kabisa, na mimi nasema uanze kutajwa.

Mwili wa mtu hujikusanyia umemetuli kwa kutembea tu na kusuguana na nguo au zulia. Ile cheche inayokuchoma unapogusa kitasa huhitaji takriban volti 3,000. Chini ya hapo hutahisi chochote. Kuna chipu zinazoharibika kwa volti zisizofika 100. Kwa hiyo fundi anayekuambia hajawahi kupigwa na shoti anasema kweli, lakini ukweli huo hauilindi kompyuta yako. Tena kifaa si lazima kife papo hapo. Njia nyembamba iliyomo ndani ya chipu huweza kuungua nusu, ikaendelea kupitisha umeme kwa shida mpaka siku itakapokatika, na siku hiyo hakuna atakayemkumbuka fundi.

Hali ya hewa nayo ina neno lake. Katika hewa kavu sana, anayetembea juu ya zulia anaweza kubeba hadi volti 35,000. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, hushuka hadi kama 1,500. Ndiyo maana fundi wa Tanga au Mombasa anaweza kuzoea kushika mazabodi ovyo asione hasara kubwa. Akihamia Dodoma wakati wa upepo mkavu wa Agosti, mazoea yale yale yatamgharimu. Na hata Dar es Salaam, ofisi inayopigwa na kiyoyozi kutwa hewa yake ni kavu kuliko ya nje.

Kinga yenyewe ni rahisi. Chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa umeme uliobaki uishe, kisha gusa chuma cha kasha kisichopakwa rangi. Ukiinuka kwenda kupokea simu, ukirudi gusa tena. Ramu ishikwe kingo zake, si yale meno ya rangi ya dhahabu. Bora zaidi ni mkanda wa mkononi unaobanwa kwenye kasha. Ndani yake mna kizuizi cha omu milioni 1, kilichowekwa makusudi ili mvaaji akigusa umeme kwa bahati mbaya, usipite mwilini kwa nguvu. Anayejifunga waya mtupu wa shaba badala yake amekiondoa kizuizi hicho, na anahatarisha maisha yake.

Prosesa inataka subira ya namna yake. Grisi iliyokauka huishikamanisha na hitisinki, kile chuma cha kuipoza, na katika mashine za AMD za soketi ya AM4, fundi akivuta moja kwa moja juu, prosesa hung'oka nayo na baadhi ya pini zake 1,331 hupinda. Washa mashine kwanza grisi ipate joto, zima, chomoa waya, kisha zungusha hitisinki taratibu kushoto na kulia mpaka uisikie imeachia. Ni kazi ya dakika chache, lakini mteja anayesimama mlangoni akihimiza "fanya haraka, nina safari" anamnyima fundi dakika hizo.

Kuhusu pawa saplai sina maneno mengi: usiifungue. Kapasita zake hubeba zaidi ya volti 300 na zinaweza kubaki na umeme hata baada ya waya kuchomolewa.

Tunaolipa tuna la kufanya. Ofisi na shule zinapoingia mkataba wa matengenezo huandika bei na muda. Ziandike pia mkanda wa mkononi na mkeka wa kuzuia umemetuli, na msimamizi aingie karakana kuviona vikitumika. Wenye karakana nao wamwite fundi umeme apime soketi zao, maana soketi nyingi zina matundu matatu ukutani ilhali waya wa eathi haukuunganishwa popote. Mkeka uliofungwa kwenye eathi ya namna hiyo haupeleki chaji ardhini.