UKUMBI WA MWALIMU: Nambari Zilizoandikwa Ubavuni mwa Tairi



Mwezi huu twaomba radhi kwa kuyaweka kando mambo ya lugha na malezi tuliyozoea kuyazungumza katika ukurasa huu, ili tuzungumze juu ya matairi. Tumelazimika. Jumamosi moja, tulipokuwa tukiwangoja wajukuu watoke madrasa hapa Kingsbury, alitujia ndugu yetu mmoja mwenye gari refu la siti saba, la aina ambayo Waingereza huiita SUV, akiwa amefuatana na mwanawe wa miaka 19. Walikuwa wamekwisha gombana njiani. Hilo lilionekana nyusoni mwao. Matairi yote manne yalikaribia kuwa vipara, na kila mmoja alikuwa na rai yake juu ya saizi ya kununua. Mtoto alitaka ringi za inchi 20 zing'arazo. Baba alitaka matairi makubwa kuliko yale ya kiwandani, kwa kuwa anakusudia kulipeleka gari hilo Mombasa atakapostaafu, naye ameambiwa kwamba tairi kubwa ndilo dawa ya njia mbovu. Wakatutaka tuwahukumu, kwa hoja ya kuwa tulisomesha hesabu.

Tuliinama, magoti yakalalamika, tukasoma ubavuni mwa tairi: 265/60R18. Wengi wetu twaendesha magari miaka nenda miaka rudi bila kujua nambari hizi zasema nini. Ile 265 ni upana wa tairi kwa milimita. Ile 60 si kipimo cha urefu bali ni asilimia: kimo cha ubavu, tangu ringi hadi barabarani, ni asilimia 60 ya upana, yaani milimita 159. Herufi R yaeleza namna nyuzi za ndani zilivyopangwa, na 18 ni kipenyo cha ringi kwa inchi. Kipimo kimoja, basi, kimekusanya milimita, asilimia na inchi, kana kwamba waliokitunga walikutana siku moja tu, wakaachana kwa hasira.

Ukitaka kimo cha tairi zima, inchi 18 ni milimita 457, jumlisha ubavu wa juu na wa chini, milimita 318, utapata 775. Hicho ndicho kimo ambacho mita ya mwendo ya gari lile imetengenezwa kukitegemea, kwani mita haioni barabara, bali huhesabu mizunguko ya gurudumu.

Tulianza na rai ya baba. Alikuwa ameonyeshwa 265/65R18, ambayo kimo chake ni milimita 802, ziada ya asilimia 3.4 hivi. Gari litainuka milimita 13 tu, upana wa kidole. Lakini mita ikisema maili 70 kwa saa, gari litakuwa laenda maili 72 na kitu. Na ukienda maili 10,000, kihesabu maili kitaandika 9,670 tu. Sheria ya Uingereza huivumilia mita inayozidisha mwendo kwa kiasi fulani, ila haiivumilii kabisa inayoupunguza. Ni kweli kwamba mita nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimezidisha kidogo, kwa hiyo huenda ndugu yetu angesalimika. Lakini ni nani atakayemhakikishia, na njia nyingi za makazi mjini London sasa ni za maili 20? Zaidi ya hayo, tairi kubwa huwa zito, hunywa mafuta zaidi, na gari likijaa watu saba na usukani ukakatwa hadi mwisho, laweza kusugua plastiki ya ndani ya madigadi.

Rai ya mtoto, tukistaajabu, ilikuwa na hesabu nzuri zaidi. Alichagua 265/50R20, kimo milimita 773. Mita isingedanganyika. Tatizo li ubavuni: milimita 159 zimeshuka hadi 132. Ubavu ndio mto unaopokea pigo la shimo, na upungufu huo wamaanisha kwamba pigo lafika ringini upesi zaidi. Njia za London zenyewe hazikosi mashimo. Hizo za kwetu hatuna haja ya kuzieleza.

Basi tukawaonyesha ya tatu: 265/65R17. Kimo chake ni milimita 776, takriban sawasawa na kile cha kiwandani, na ubavu wake ni milimita 172, sawasawa na ule wa tairi alilolitaka baba. Yaani alilolitafuta baba, mto mnene wa njia mbovu, lapatikana kwa kuipunguza ringi, bila ya kulikuza tairi. Sharti ni kwamba ringi ndogo ienee juu ya breki bila kugusa, na hilo halikisiwi kwa macho. Hutazamwa katika kitabu cha gari, ambamo mtengenezaji ametaja saizi azikubalizo. Tulikitoa kitabu hicho chini ya siti, kingali ndani ya nailoni yake. Inchi 17 ilikuwemo.

Baada ya saizi hufuata nambari ya uzito, ambayo wauzaji aghalabu huipita kimyakimya. Tairi lenye 112 labeba kilo 1,120. Asikubali mtu nambari iliyo chini ya ile ya kiwandani kwa ajili ya kuokoa pauni chache, hasa mwenye kubeba watoto wa watu.

Hali kadhalika, gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne halitaki matairi ya vimo mbalimbali. Twasema haya kwa uchungu. Miaka kadhaa iliyopita muuzaji mmoja alitufungia matairi mawili mapya ya saizi nyingine mbele, akatuambia hayana neno. Gari likawa laguna kila tulipokata kona, na fundi aliyelifungua baadaye alitupa bili iliyozidi bei ya matairi manne.

Kisha bima. Kubadili saizi ya ringi au tairi ni kuligeuza gari, na kampuni ya bima yapasa kuarifiwa kabla, kwani asiyesema aweza kukataliwa madai yake siku ya ajali. Na yule kijana ndiye awapelekaye wadogo zake madrasa. Hapo baba alinyamaza kwa muda. Akauliza kama aweza kungoja hadi mwisho wa mwezi. Tukayapima matairi yale kwa sarafu ya pensi 20, ambayo ukingo wake ukionekana wote ukiitia katika mfuo, tairi lahitaji kupimwa vizuri. Ulionekana. Sheria yataka milimita 1.6, na faini yaweza kufika pauni 2,500 pamoja na pointi 3 kwa kila tairi.

Jumatatu alipiga simu ya bima, na Jumatano akafunga inchi 17, zote nne, baada ya kusoma tarakimu nne za mwisho ubavuni, ambazo ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. Kijana ametupita mara mbili tangu siku hiyo. Salamu ametoa, ila kwa sauti ndogo.