Mtoto Aliyezaliwa Siku Mbaya



Tangu zamani wanadamu wameinua macho juu na kuuliza: tufanye nini, na tufanye lini? Mwezi huu tuyatazame mataifa matatu ya Amerika yaliyouliza swali hilo kwa bidii: Wainka wa milima ya Peru, Wamaya wa Guatemala na kusini mwa Meksiko, na Waazteki wa Tenochtitlan, mahali ulipo leo mji mkuu wa Meksiko. Hawakuwa kabila moja wala hawakusema lugha moja. Lakini wote waliamini kwamba mambo ya duniani huongozwa kutoka angani.

Kwa Wainka, jua lilikuwa mungu, jina lake Inti, na mfalme aliitwa mwana wa Jua. Mkewe Inti alikuwa Mama Quilla, yaani mwezi, ambaye wanawake walimheshimu sana. Mwezi ulipopatwa, watu walisema kwamba mnyama mkali anamshambulia. Walipiga kelele na kuwachokoza mbwa wabweke, ili mnyama yule akimbie.

Tusiwacheke. Watu hawa walijua kutazama. Hata leo wakulima wa viazi huko Peru na Bolivia hufuata desturi ya kale ya kulitazama kundi la nyota tunaloliita Kilimia, mwezi wa Juni. Nyota zikiwaka vizuri, hupanda mapema, zikififia, hungoja. Mwaka 2000 wataalamu walitoa uchunguzi wao: katika miaka ya El Niño, mawingu membamba yaliyo juu sana hufifisha nyota hizo, na mvua ya miaka hiyo hupungua. Wazee wetu pia walikitazama Kilimia wapate kujua majira, na jina lenyewe latoka katika kulima.

Wamaya nao waliifuata nyota ya Zuhura miaka mingi, wakaandika kitabuni kwamba huchukua siku 584 kurudia mahali pake. Walikuwa pia na kalenda takatifu ya siku 260, ambayo wazee wa milima ya Guatemala wanaitunza hadi leo. Wao wenyewe huilinganisha na muda wa mimba, na sisi tunaopima akina mama kliniki twaona kwamba hawako mbali.

Waazteki walitumia hesabu hiyo hiyo ya siku 260, na hapa ndipo panapotugusa sisi wazazi. Padri Bernardino de Sahagún, aliyefika Meksiko mwaka 1529, aliwauliza wazee wa huko akaandika mila zao kwa lugha yao. Twasoma kwamba mama alipojifungua, mkunga alipiga ukelele wa vita, kwa kuwa mama yule alihesabiwa kuwa amepigana na kushinda. Aliyefariki akijifungua alipewa heshima ya askari, na iliaminika kwamba yeye na wenzake hulisindikiza jua tangu adhuhuri hadi linapotua.

Kisha aliitwa mwaguzi, naye akafungua kitabu cha siku. Kila siku ilikuwa na bahati yake, na mtoto aliichukua bahati ya siku aliyozaliwa. Siku ikiwa njema, mtoto aliogeshwa na kupewa jina upesi. Siku ikiwa mbaya, mwaguzi hakumtupa mtoto. Alitafuta siku njema iliyo karibu, na kuogeshwa kukangoja mpaka siku hiyo. Hata watu walioiogopa mbingu kiasi hicho walimtafutia mtoto mlango.

Lakini hofu ilidai pia malipo makubwa. Mwaka 1999, karibu na kilele cha mlima Llullaillaco huko Argentina, zaidi ya mita 6,700 juu ya bahari, watafiti walikuta miili ya watoto watatu iliyohifadhiwa na baridi. Walikuwa wametolewa sadaka zama za Wainka. Mkubwa wao alikuwa msichana wa miaka 13 hivi, na nywele zake zilionyesha kwamba katika miezi yake ya mwisho alipewa pombe na majani ya koka kwa wingi. Huyo naye alikuwa na mama.

Wenzangu, tusidhani mambo haya ni ya ng'ambo tu. Nasi tulikuwa na neno kigego, la mtoto aliyeanza kuota meno ya juu, na wapo vigego walioangamizwa bila kosa. Hata sasa, wodini twasikia mtu akinong'ona kwamba mtoto aliyetanguliza miguu, au pacha, au aliyezaliwa siku ya msiba, ana mkosi. Neno hilo humfuata mtoto. Akiugua, watu husema, "Tulijua." Kisha hucheleweshwa kupelekwa hospitali.

Meno huanza popote yanapoanzia. Mtoto hutanguliza miguu kwa sababu hakugeuka tumboni. Pacha mara nyingi huzaliwa wadogo, kwa hiyo wahitaji joto, maziwa ya mama na kupimwa uzito mara kwa mara. Hakuna mkosi hapo, ila kazi ya kulea.

Kitabu cha Mwanzo chatufundisha kwamba jua na mwezi viliumbwa vitusaidie kuhesabu nyakati. Basi tuvitazame, tupande, tuvune, tuhesabu miezi ya mimba na tarehe za chanjo. Lakini hatima ya mtoto tusiiweke huko. Mwaguzi wa Tenochtitlan, pamoja na kitabu chake cha kutisha, alimtafutia mtoto siku njema. Sisi tunaomwita Mungu Baba tusiwe wakali kuliko yeye.

Kama katika ukoo wenu yupo mtoto aliyepewa jina la mkosi, mwiteni kwa jina lake jema, tena mbele ya watu. Mzungumze jambo hili pia katika kikundi chenu cha akina mama.

Tutaonana mwezi ujao, Mungu akipenda.