Mawe ya nyumbani: lipi liingie jikoni, lipi libaki nje



Juma lililopita, tulipomaliza kuhesabu pesa za likelemba, mwenzetu mmoja alifungua kitambaa na kutoa kisahani cha malakite, zawadi ya shemeji yake. Alitaka kujua kama kinafaa kuwekea ndimu na pilipili mezani. Tulibishana sana. Tukaona kwamba tunatumia mawe kila siku bila kuyajua vizuri. Basi leo tuyapange moja moja.

Jiwe la kusagia. Mabibi zetu walichagua jiwe gumu, zito, lenye chembe ndogo zilizoshikana. Nasi tuna njia rahisi ya kulipima: tuchukue msumari na kulikwangua kwa nguvu. Msumari ukiacha alama ya chuma tu, jiwe ni gumu. Ukichimba mfereji na unga kutoka, unga huo tutaula ndani ya karanga na pilipili. Jiwe jipya tulioshe, tusagie konzi ya mahindi, tuyatupe, turudie mpaka unga usilie tena kati ya meno. Na tuulize limetoka wapi. Jiwe lililookotwa kwenye mabaki ya mgodi lisiingie jikoni hata likiwa gumu namna gani.

Mafiga. Siku za matanga tunapika bukari katika sufuria kubwa juu ya mawe matatu. Tusichukue mawe ya mtoni. Maji yamejificha ndani yake. Yakipata moto yanageuka mvuke, na jiwe linapasuka. Vipande vyake vinaruka hadi usoni mwa mpishi. Tutafute mawe makavu yaliyokaa juani muda mrefu.

Jiwe la chokaa. Karibu na Likasi, kule Kakontwe, kuna mawe ya chokaa. Yakichomwa yanatoa chokaa ya kupaka ukuta wa nyumba na choo. Chokaa ambayo haijazimwa inachemka ikikutana na maji, na inaunguza macho na ngozi. Tutie chokaa kidogo kidogo ndani ya maji mengi, tusimwage maji juu ya chokaa. Watoto wakae mbali na ndoo.

Malakite. Hili ndilo jiwe la kijani la Katanga yetu. Ndani yake mna shaba. Kabla ya wakoloni, wazee wetu waliyeyusha mawe kama haya na kutengeneza misalaba ya shaba iliyotumika kama pesa na mahari. Mwaka 1911 tanuru kubwa la Lubumbashi lilitoa shaba yake ya kwanza, na mji ukakua kandokando yake. Lakini malakite ni laini, msumari unaikwangua. Ndimu, siki na nyanya zinaila, na shaba inaingia katika chakula. Shaba nyingi inaleta kichefuchefu, kutapika na maumivu ya tumbo. Kwa hiyo jibu la mwenzetu ni hili: kisahani kibaki juu ya kabati, kifutwe kwa kitambaa chenye unyevu, kisiwekewe chakula. Na anayechonga malakite kwa ajili ya kuuza asiichonge ndani ya nyumba. Afanye kazi nje, alowanishe jiwe, afunike pua na mdomo, maana vumbi lake ni sumu kwa mapafu.

Magunia ya mawe. Hapa ubishi uliisha, tukanyamaza. Wengi wetu tuna mume, ndugu au mtoto anayechimba kwa mkono, na usiku gunia la mawe meusi linalala chini ya kitanda. Tunajua gunia hilo ndilo linalipa masomo na bukari. Lakini mwaka 2020 gazeti la kisayansi The Lancet Planetary Health lilitoa utafiti uliofanywa hapa Lubumbashi: watoto ambao baba zao wanafanya kazi zinazohusu migodi walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuzaliwa na kasoro za mwili. Hiyo haina maana kwamba kila mtoto wa mchimbaji atakuwa na kasoro. Ila tukumbuke jambo moja: mama aliyezaa mtoto mwenye kasoro asinyooshewe kidole, wala mtoto asiitwe mchawi.

Tulichokubaliana kufanya ni hiki. Gunia likae nje, limefunikwa vizuri, si katika chumba cha kulala. Baba aoge na abadilishe nguo kabla ya kumbeba mtoto. Nguo za kazi zisikung'utwe ndani, na zifuliwe peke yake. Sakafu ipigwe deki kwa maji, isifagiliwe ikiwa kavu. Watoto wasioshe wala wasichague mawe. Mwenye mimba asiguse kabisa.

Mwenzetu mmoja alisema ana chumba kimoja tu na lupango halina ukuta. Gunia likilala nje litaibwa. Jirani yake akajibu papo hapo kwamba ana kibanda chenye kufuli, waletee gunia huko. Na nyinyi katika vikundi vyenu, mtazameni aliye na shida kama hiyo.

Mkutano ujao kila mmoja aje na jiwe lake la kusagia. Msumari tutauleta sisi.