Kikohozi cha Mzee Kipimwe

Wazee wetu waheshimiwa, na ninyi vijana mnaoishi nao, nina neno juu ya kikohozi.

Ziko nyumba ambamo babu anakohoa tangu masika mpaka kiangazi, na watu wamekwisha kuzoea. Atanunuliwa dawa ya maji, atachemshiwa tangawizi, na akiulizwa hali atajibu, "Ni uzee tu, mwanangu." La, uzee haukohoi. Uzee hupunguza kinga ya mwili, na hapo vijidudu vya kifua kikuu (TB), ambavyo huenda mtu alivivuta ujanani vikatulia miaka na miaka kama kaa chini ya majivu, huamka. Kisukari nacho huvipa nafasi zaidi. Tena kwa mzee ugonjwa huu aghalabu hauji kwa kishindo. Damu haionekani kwenye makohozi wala homa si kali. Ila nguo zinampwaya, chakula hakimwendi, na usiku jasho linalowesha shuka.

Husemwa kwamba wazee hawana habari za maradhi haya. Nakataa. Wazee wanaijua TB kuliko sisi, ila wanaijua ile ya zamani. Wamesikia, na wengine wameona, ndugu zao wakipelekwa Kibong'oto, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1926 kule Kilimanjaro. Wanakumbuka sindano zisizokwisha, na waliokwenda wasirudi. Mtu mwenye kumbukumbu hizo akificha kikohozi chake, tusimwite mjinga.

Basi, mzee wangu, hofu ile ilikuwa na haki yake kwa wakati wake. Leo kipimo ni makohozi ndani ya kikopo, na dawa ni vidonge vya miezi 6, ambavyo vituo vya serikali huvitoa bila malipo. Utaratibu wa kuwasimamia wagonjwa mpaka wamalize dozi ulijengwa hapa hapa Tanzania tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 na wataalamu, akiwamo daktari Karel Styblo, kabla ya mataifa mengine kuuiga. Walioonyesha kwamba unaponya ni watu wa rika lenu!

Ukikohoa wiki mbili, nenda. Ukianza dawa, mkojo utageuka rangi ya chungwa. Usishtuke ukaacha, ndivyo dawa ilivyo. Mweleze muuguzi dawa zako za sukari na za presha, maana nyingine hugongana na hizi. Na ukijisikia mzima mwezi wa pili, endelea kumeza, kwani vijidudu vilivyosalia hujenga usugu.

Sasa ninyi vijana. Mnamtengea mzee kikombe na sahani, kisha mnamfungia dirisha asipigwe na baridi. Mmefanya kinyume! TB haienezwi na sahani, huenezwa na hewa. Mrudishieni kikombe chake, fungueni dirisha. Na mkifika zahanati, mwacheni aseme mwenyewe. Inauma kuona muuguzi na binti wakizungumza juu ya kichwa cha mtu mzima kana kwamba hayupo.

Jambo la haraka kuliko yote ni wajukuu. Bibi akigundulika kuwa na TB, wote waliolala naye chumba kimoja wapelekwe kupimwa, kwanza kabisa walio chini ya miaka 5, ambao ugonjwa huu huwaua upesi. Wakionekana hawana ugonjwa, watapewa dawa ya kuwakinga, nao wamezeshwe mpaka iishe.