Kazi za Mikono: Jahazi Dogo na Rangi Zake

Mgeni aendaye Lamu kwa ndege hatui Lamu yenyewe. Hutua katika kisiwa cha Manda, akashuka gatini, kisha akavushwa mlango wa bahari kwa chombo. Kwa hiyo kitu cha kwanza akionacho si nyumba za mawe wala milango ya nakshi, bali ni majahazi na mashua zikipita mbele yake. Si ajabu basi kwamba arudipo kwao hupenda kuchukua jahazi moja dogo la mti, la kuweka juu ya meza. Mafundi wa visiwa hivi wanaijua kazi hiyo, na wengine wanaiweza sana. Lakini tukisema kweli, yako majahazi madogo mengi ambayo umbo lake ni zuri na rangi yake ni uongo.

Juma hili twataka kuzungumza na wenye kisu na brashi mikononi, na hata karani au mkulima ambaye jioni hupenda kuchonga kwa kujifurahisha. Neno letu ni moja: kuchonga ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kupaka rangi, kutia maandishi, na kuweka vile vitu vidogo vidogo vinavyokitambulisha chombo.

Huko Uingereza na Marekani wako watu wazima ambao, watokapo kazini, huketi wakatengeneza magari ya moshi madogo. Mtu aweza kuwacheka, akidhani ni mchezo wa watoto. Lakini tazameni jinsi wafanyavyo. Mtu akitaka kuunda mfano wa zile injini za aina ya 59 za Reli za Afrika ya Mashariki, injini 34 zilizoundwa Manchester katika miaka ya 1955 na 1956 na kupewa majina ya milima yetu, kwanza huitafuta injini yenyewe. Iko moja, Mount Gelai, katika Makumbusho ya Reli mjini Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka wa 1971. Ataipima, ataangalia wekundu wake ni wekundu wa namna gani, na bamba la jina limekaa mahali gani. Ndipo aguse brashi. Reli haijafika Lamu, lakini adabu hiyo ya kazi yafaa ivuke bahari ije kwetu.

Jambo la kwanza ni kipimo. Chagua kimoja wala usikiache. Robo ya inchi kwa kila futi chafaa sana: jahazi la futi 60 litakuwa na urefu wa inchi 15, na herufi yenye kimo cha inchi 6 itakuwa thumuni ya inchi tu. Fundi asiyeshika kipimo hutia kamba nene kama mkono wa nahodha, na kapi kubwa kama pipa. Tena omo la jahazi la Lamu husimama wima. Ukilichonga limelala mbele kama la sambuki, umeunda chombo kisicho na kwao.

Jambo la pili ni rangi. Mti usuguliwe kwa msasa mpaka uwe laini, kisha vumbi lifutwe kwa kitambaa chenye unyevu. Paka tabaka nyembamba ya kwanza, ungoje ikauke kabisa, usugue tena kidogo, ndipo upake nyingine. Tabaka tatu nyembamba ni bora kuliko moja nzito, maana rangi nzito huziba nakshi yote uliyoisumbukia. Wala usipende rangi ya kung'aa. Chombo kidogo king'aacho hufanana na sahani, hakifanani na chombo.

Ukitaka kuchora mstari wa maji, usitegemee jicho. Liweke jahazi sawasawa juu ya meza, ifunge penseli juu ya kipande cha ubao chenye kimo kile utakacho, kisha uuzungushe ubao huo mezani pande zote za chombo. Mstari utanyoka wenyewe. Chini ya mstari huo mabaharia wa zamani walipaka shahamu iliyochanganywa na chokaa. Weupe wake si weupe wa karatasi mpya. Juu yake mbao zilipakwa sifa, yaani mafuta ya papa, zikawa za rangi ya kahawia iliyokolea. Tanga na liwe la kitambaa cha marekani, na kama ni jipya mno, lichovye katika chai ya rangi, ulianike.

Jambo la tatu ni alama na maandishi. Jahazi la Lamu huwa na macho mawili omoni, mviringo wa ubao kila upande, mara nyingi wenye mwezi na nyota. Yapake rangi yangali mezani, kisha uyabandike. Mkono hautetemeki sana juu ya meza. Kwa jina la chombo, wale watengenezaji wa magari ya moshi wana hila nzuri. Hutumia karatasi iliyopigwa chapa ya herufi, ambayo hutiwa majini kitambo kidogo, na ile ngozi nyembamba yenye maandishi ikateleza mahali pake. Lakini kwanza hupaka vanishi ya kung'aa pale itakapokaa, ili hewa isinaswe chini yake na kuacha weupe. Na mwisho hufunika yote kwa vanishi isiyong'aa. Asiye na karatasi hiyo na atumie brashi ya nywele chache, na subira nyingi.

Jambo la nne ni uchakavu. Manda hutoa mawe ya matumbawe ya kujengea, na chombo kilichobeba mawe hakifanani na chombo cha mashindano. Mawe huchubua mbao za juu, na mahali pa kufungia kamba hulika. Kwaruza kidogo pale panapolika kweli, uache pengine pote. Mikwaruzo iliyotapanywa ovyo haionyeshi kazi ya chombo.

Mtauliza, kuna faida gani kujisumbua hivyo, na mgeni hajui tofauti? Jibu letu ni mtepe. Chombo hicho cha visiwa hivi hivi kilishonwa kwa kamba za makumbi pasipo msumari, kikaenda kwa tanga la mkeka, na shingo yake ndefu ya mbele watu waliinasibisha na shingo ya ngamia wa Mtume. James Hornell aliandika habari zake katika jarida moja la Uingereza la mambo ya bahari mwaka wa 1941. Leo hakuna hata mtepe mmoja wa zamani unaoelea. Mwaka wa 2003 uliundwa mmoja mpya Unguja, ukawekwa katika jumba la Beit al-Ajaib. Na mwezi wa Desemba 2020 sehemu ya jumba lile ikaporomoka. Basi mtu akitaka kujua jicho la mtepe lilichorwaje, au kamba zake zilipitaje, ataulizia wapi? Ataulizia picha, maandishi, na mifano midogo kama ile ya makumbusho. Na mfano uliopakwa rangi kwa kubahatisha ni shahidi wa uongo.

Majahazi nayo yamezidi kupungua tangu magari na injini ziliposhika kazi ya kubeba mizigo. Kwa hiyo twawasihi mafundi na vijana wa Lamu, Shela na Manda: likiwako jahazi la kale limelala pwani, msingoje lioze. Nendeni na utepe wa kupimia na daftari, mwandike urefu, rangi, macho na jina lake, kabla hamjashika kisu. Wazee walisema, maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Iko siku ambapo jahazi la inchi 15, likiwa limeundwa kwa kweli, ndilo litakalowaonyesha wajukuu wetu vyombo vya baba zao.