Nyumba Nayo Ipewe Kadi Yake ya Kliniki

Mama yangu alikuja kututembelea kutoka Tanga, na usiku wa kwanza akalala na kanga usoni. Asubuhi nikamuuliza kulikoni.

"Taa yenu haizimiki, mwanangu. Nimeibonyeza mpaka kidole kimeota sugu. Yenyewe inajibu ta, ta, ta, na mwanga uko palepale."

Alisema kweli. Swichi ya chumba cha wageni ni mojawapo ya zile tunazoziita swichi janja: bapa jeupe la kioo, unaligusa kwa ncha ya kidole au unaliamuru kwa simu hata ukiwa kwenye foleni ya Ubungo. Ndani yake mna rilei, kiswichi kidogo kinachovutwa na sumaku ya umeme, nacho ndicho kinachotoa ule mlio. Taa za LED zinapowashwa huvuta umeme mwingi kwa mpigo, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na cheche hupiga kati ya vyuma viwili vya rilei. Siku ikifika, vile vyuma hunatana kama vimechomelewa. Hapo swichi italia utakavyo na taa haitazimika. Haina dawa, ni kubadilisha tu.

Kubadilisha swichi ni kazi ya nusu saa. Mimi ilinichukua siku 9, na aibu ya siku hizo ndiyo inayonifanya niwaandikie.

Kwanza nilimpigia fundi aliyetufungia. Namba haipatikani, na haijapatikana mpaka leo. Nikatafuta boksi la swichi ili nijue ni aina gani. Tulikwishalitupa, na risiti ilikuwa humo humo. Nikaenda Kariakoo na picha ya uso wa swichi kwenye simu, nikauziwa inayofanana nayo kama pacha. Fundi wa pili alipofungua pale ukutani akacheka. "Kaka, hii uliyoleta inataka nyutro. Hapa nyutro hamna." Nikarudi Kariakoo. Ilipopatikana inayofaa likazuka la mwisho, na hilo ndilo lililoniuma: swichi zote 14 za nyumba yangu zilikuwa zimesajiliwa kwenye akaunti ya fundi wa kwanza. Simu yangu ilikuwa imealikwa tu. Katika nyumba niliyoijenga tofali kwa tofali, nilikuwa mgeni mwalikwa.

Ndugu msomaji, hapo kwako hali ikoje?

Sisi si watu wasiojua kutunza kumbukumbu. Mtoto akizaliwa hupewa kadi ya kliniki, na mama yake huilinda kuliko pochi: uzito, chanjo, tarehe ya kurudi. Gari nalo lina kikaratasi cha gereji kinachosema oili imebadilishwa lini na kwenye kilomita ngapi. Namba ya mita ya LUKU iko kwenye simu ya kila mtu nyumbani, hadi ya dada wa kazi. Mwaka 2024, mita zilipotakiwa kuboreshwa kabla ya tarehe 24 Novemba, tuliingiza tarakimu zile 20 kwa awamu, tukakosea, tukarudia, na maisha yakaendelea. Tuliweza kwa sababu namba tulikuwa nayo. (Kilichokuwa kinaisha ni nafasi ya kuhesabia dakika zilizoanza kuhesabiwa mwaka 1993. Hata kifaa kilichotulia ukutani kina siku zake.) Inakuwaje basi swichi, kamera, kitasa cha geti na pampu ya maji, vyote vyenye akili zao na akaunti zao, viishi nasi bila hata mstari mmoja wa maandishi?

Ombi langu ni kaunta buku moja ya kwaya mbili. Mimi sitaki uziweke kumbukumbu hizi kwenye simu pekee, kwa maana simu ndiyo huibwa, huangukia kwenye ndoo ya maji, huuzwa. Kila kifaa kipewe ukurasa: kiko chumba gani, ni cha aina gani, namba ya modeli iliyoandikwa mgongoni, kimenunuliwa duka gani na lini, nani alikifunga, na sakiti breka ipi inakizima. Risiti ibandikwe hapo hapo kwa gundi. Picha ya risiti nayo ni muhimu, maana karatasi zile za mashine hufifia, na siku ya kudai waranti unabaki na kikaratasi cheupe pe.

Kuna namba moja ambayo watu huizika bila kujua. Vifaa vya mfumo wa Matter, uliotoka Oktoba 2022, huja na msimbo wa QR pamoja na namba ya tarakimu 11 ya kuviunganishia. Kwenye swichi nyingi namba hiyo hubandikwa mgongoni, upande unaotazama ukuta. Swichi ikishafungwa na boksi likishatupwa, siku utakayolazimika kuiunganisha upya utaombwa namba ambayo imekaa gizani nyuma ya kioo, kati ya nyaya za umeme. Piga picha kabla skrubu ya kwanza haijaingia, kisha inakili kwa mkono ile namba. Dakika moja, haizidi.

Ukurasa mwingine uwe wa nyaya, na hapa naomba tukae kidogo. Nyumba zetu nyingi zimefungwa umeme kwa mtindo tuliourithi kwa Waingereza: waya wa moto na nyutro hufika juu darini kwenye taa, halafu nyaya mbili tu hushuka kwenye swichi, mmoja ukileta moto na mwingine ukiurudisha kwenye taa. Swichi ya kawaida inaridhika na hizo mbili. Swichi janja ni kompyuta ndogo isiyolala, hivyo inahitaji umeme wake hata taa ikiwa imezimwa. Zilizo nyingi zinataka nyutro. Zisizotaka nyutro hujiibia umeme kidogo kupitia kwenye taa yenyewe, na ndiyo maana taa dhaifu ya LED hubaki ikimulika kwa mbali kama jicho la paka, au hupepesa. Dawa yake ni kile kikapasita kinachokuja ndani ya boksi, ambacho mafundi wengi hukiacha wakidhani ni cha akiba.

Sasa angalia hatari iliyopo. Katika nyumba za zamani waya mwekundu ni wa moto na mweusi ni nyutro. Lakini kwenye tundu la swichi ule mweusi mara nyingi ni waya wa kurudi kwenye taa, nao huwa na moto taa ikiwaka. Mtu akiona mweusi akasema "nyutro hii hapa", ameunguza swichi mpya, na ana bahati kama ni swichi tu. Kwa swichi zisizo na nyutro, taa iliyozimwa bado ina umeme unaopita, kwa hiyo usibadilishe globu kwa kuiamini swichi. Zima kwenye sakiti breka, pima kwa mita, ndipo uguse. Kama huna uzoefu, mwite fundi mwenye leseni ya EWURA, au ya EPRA kwa walioko Kenya. Na kabla hajalegeza waya hata mmoja, piga picha zilivyo. Picha ile ibandike daftarini. Mwenzake ajaye atakushukuru.

Lakini si kila swichi inayogoma ni mbovu. Nimewahi kuona ndoo nzima ya swichi zilizong'olewa, na kosa lao lilikuwa kwamba mwenye nyumba alibadilisha kampuni ya intaneti. Ruta mpya ilikuja na jina jipya na neno la siri jipya, swichi zikaita jina la zamani, hakuna aliyeitika. Ipe ruta mpya jina lilelile na neno la siri lilelile la zamani, uhakikishe imewashwa masafa ya GHz 2.4 ambayo swichi nyingi hutumia, na aghalabu zitarudi zenyewe. Ila lazima uwe umeyaandika. Umeme ukikatika na kurudi mara kadhaa nao hufanya mambo yake: baadhi ya globu janja, zikizimwa na kuwashwa haraka haraka, hudhani umeamuru zijifute, zikaanza kumeta zikisubiri kusajiliwa upya. Swichi inayonuka kuungua, iliyobadilika rangi au inayotoa joto kali, hiyo usiijaribu. Ing'oe.

Kwa ndugu zetu mlioko Marekani mnaotuletea swichi kwenye masanduku, asanteni, ila za huko nyingi ni za volti 120 na uso wake mrefu haukai kwenye boksi letu la mraba. Leteni viatu.

Kisha kuna suala la nani mwenye funguo. Mnamo Aprili 2022 kampuni ya Insteon ya Marekani ilizima seva zake bila kuwaaga wateja wake. Watu waliamka simu zao haziwezi kuamuru taa tena. Swichi ziliendelea kufanya kazi kwa kidole, na waliojua vizuri mitambo yao waliiongoza kwa kompyuta za nyumbani mwao. Waliokimbilia kufuta mtambo na kuanza upya ndio walioumia zaidi. Miezi miwili baadaye kundi la wateja likainunua kampuni hiyo na kuzirudisha seva. Sisi hatuna nguvu ya kununua kampuni, ila tunaweza kuandika akaunti ni ya barua pepe ipi na watu wawili wa nyumbani wawe nayo. Nasema wawili kwa makusudi. Mwanaume akifariki na simu yake ikafungwa, mjane asibaki na geti lisilomtii. Maneno ya siri yasikae kwenye kaunta buku ambayo kila mgeni anaifunua. Yatie kwenye bahasha, uifunge, uiweke zinakowekwa hati za kiwanja.

Mwenye nyumba ya kupangisha, mpangaji akihama mwombe avitoe vifaa kwenye akaunti yake mbele yako, la sivyo mtu aliyehamia Mwanza ataendelea kuwasha taa ya chumba cha binti wa mpangaji mpya. Sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi tunayo tangu 2022, lakini sheria haibonyezi kitufe.

Nanyi mafundi wetu, najua mnasajili kwa simu zenu kwa sababu mteja hajui afanye nini na nyinyi mna kazi nyingine saa nane Mbagala. Mvumilieni. Fungueni akaunti kwa barua pepe yake, kwenye simu yake, na mwandike majina yenu na namba kwenye daftari lake. Fundi aliyeandikwa ndiye huitwa tena.

Daftari letu liko kwenye droo ya jikoni, pamoja na kadi za kliniki za watoto. Mama aliporudi safari ya pili alilifunua, akausoma ukurasa wa chumba cha wageni, akaomba kalamu. Chini ya maelezo yangu marefu kuhusu rilei ameongeza mstari wake: "Swichi iko kulia kwa mlango. Gusa mara moja tu."

Anza na chumba kimoja leo jioni, umeme ungalipo.