Mawazo Mapya na Magugu Shambani



Mwezi huu tunasema vanila, mwezi ujao kuku. Na mikarafuu imefunikwa na magugu. Huko Ufipa, mkoani Rukwa, wakulima hufukia majani katika matuta ya mviringo mvua zikikaribia kwisha, hupanda maharagwe juu yake, kisha msimu unaofuata huyatandaza na kupanda ulezi. Atakayeyabomoa majani hayajaoza amejinyima mbolea yake mwenyewe.

Mkarafuu nao huchukua miaka sita hivi, au zaidi, ndipo uanze kuzaa. Mimi niliiacha miche yangu mwaka wa tatu nikafungua duka. Duka likafungwa, miche ikafa. Sasa kila wazo jipya naliandika daftarini, nalo husubiri mpaka palizi ishe.